Lori halivuti mlimani: tafuta nguvu iliyopotea kabla ya kufungua pampu

Simu ninazopigiwa zaidi na madereva wa njia ya Tunduma huanza hivi: "Fundi, gari halivuti. Njoo unifungulie pampu kidogo." Kufungua pampu ni kugeuza skrubu ili itoe dizeli zaidi. Sijauliza hata swali moja, dereva ameshajipa jibu. Nikifika, mara nyingi nakuta pampu haina kosa. Ea klina imejaa vumbi, mpira wa intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) umepasuka upande wa chini usioonekana, au breki za tela zinashika. Gari la namna hiyo ukilifungulia pampu, dizeli inayoongezeka haipati hewa ya kuungua nayo. Sehemu yake inatoka moshi, na joto linabaki juu ya pistoni.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kama madereva wanavyozieleza. Chini ya kila dalili naanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi na kukagulika kwa mikono mitupu, kisha nashuka hadi kile cha nadra. Mifano mingi ni ya HOWO 371 yenye injini ya WD615.47: lita 9.7, silinda sita, nguvu farasi 371 kwa mizunguko 2200 kwa dakika, pampu ya mstari isiyo na kompyuta. Pampu za namna hiyo ndizo zinazochezewa zaidi, kwa sababu skrubu zake zinafikiwa kwa spana ya kawaida. Injini za kompyuta nimezitengea sehemu yake.

Kwanza, gari lako lilipaswa kuvuta kiasi gani?

Fanya hesabu kabla ya kulilaumu gari. Chukua hilo HOWO na tela, jumla tani 50, kwenye mlima wa asilimia 7. Injini ikiwa nzima kabisa, nguvu ikishapungua kwenye gia na difu, utapanda kwa takriban kilomita 23 kwa saa. Basi. Ukiiongezea asilimia 20, jambo ambalo tayari ni kubwa kwa injini hiyo, utapanda kwa kama kilomita 27. Umeokoa chini ya nusu dakika kwa kila kilomita ya mlima. Dereva anayepanda mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, kwa 22 akiwa na tani 50 hana gari bovu, hata kama Scania ya farasi 420 imempita.

Kuna na mwinuko. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa unapanda zaidi ya mita 1,500, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Tabo, feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa ndani, inafidia sehemu kubwa, lakini inazunguka kwa kasi zaidi ili kufidia. Wenzetu wa Kenya wanaotoka Mombasa wakapita Timboroa, juu ya mita 2,700, wanalijua hili vizuri. Pampu iliyofunguliwa Dar mpaka ikaanza kutoa moshi kidogo, huko juu itatoa moshi wa kutisha.

Ila kama gari lilikuwa linapanda kwa gia ya nne na sasa linataka ya pili kwa mzigo uleule, hapo kuna kitu kimepotea. Kitafute.

Gari zito, moshi hakuna

Injini inayokosa nguvu bila moshi mweusi mara nyingi inakosa dizeli. Au injini ni nzima na kitu kingine kinaivuta nyuma.

Anza na pedeli. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho, mwingine aangalie mkono wa pampu kama unagusa kituo chake. Nimeshakuta zulia limekunjamana chini ya pedeli, na nimekuta waya uliolegea ukimwibia dereva robo ya mafuta kwa miezi. Kisha washa, kanyaga mpaka mwisho gari likiwa limesimama. Mshale wa mizunguko unapaswa kupita 2200 kidogo. Ukiishia 1900, usiende mbali zaidi ya hapo kwanza.

La pili ni breki. Endesha kilomita 20 tambarare, simama polepole, kisha pita kila tairi ukisogeza kiganja karibu na hab (kitovu cha tairi), bila kugusa. Ikiwa moja inafoka joto kuliko wenzake, au unasikia harufu ya breki, umeshapata mwizi wa nguvu. Mtu hufungua pampu kushindana na breki zake mwenyewe, na mwisho wake ni tairi kuwaka moto.

La tatu ni njia ya dizeli kutoka tangini. Badilisha filta zote mbili, na yale maji ya chini ya kichujio uyamwage kwenye chupa nyeupe uyaone. Gari likianza safari vizuri kisha likalegea baada ya saa moja, fungua kifuniko cha tangi palepale. Ukisikia tangi linavuta pumzi ndefu, tundu lake la hewa limeziba. Ukiona halivuti pumzi, toa chujio la ndani ya tangi. Katika tangi moja nilitoa kipande cha nailoni cha ukubwa wa kiganja: injini ikivuta kwa nguvu kinang'ang'ania mdomo wa bomba, injini ikizimwa kinaelea pembeni, na kila aliyepima akiwa amesimama alikuta dizeli inakuja vizuri. Kwa gari lililoingiza upepo kwenye bomba la dizeli, funga kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu uangalie povu. Povu likionekana, kaza au badilisha viungio vya upande wa kuvuta. Kutoa upepo kila asubuhi si tiba.

La nne, ambalo mafundi wengi wanalipita: pampu nyingi za mstari za injini zenye tabo zina kifaa cha kuhisi presha ya tabo. Kiko nyuma au juu ya pampu, kina utando wa mpira ndani, na bomba jembamba linakiunganisha na manifoldi ya hewa. Presha ikipanda, kinairuhusu pampu kutoa dizeli zaidi. Bomba likikatika au utando ukipasuka, pampu inabaki na dizeli ya injini isiyo na tabo. Gari linakuwa zito, safi, halitoi hata moshi wa kuondokea. Chomoa bomba, peleka hewa ya bar 1 kwa geji, kisha funga. Geji ikishuka haraka, utando umetoboka. Ni mpira mdogo, na umesababisha pampu nyingi nzima kufunguliwa bure. Pale pale angalia na boliti ya kurudishia dizeli ya ziada tangini. Ndani yake kuna vavu yenye springi. Wapo waliopoteza ile ya asili wakafunga boliti ya kawaida yenye tundu, presha ndani ya pampu ikashuka na nguvu ikaondoka nayo.

Halafu kuna dizeli yenyewe. Iliyochanganywa na mafuta ya taa haina nguvu ileile na inakausha pampu, kwa sababu sehemu zinazosukuma dizeli ndani ya pampu zinalainishwa na dizeli hiyohiyo. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kuyatambulia) kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, lakini dizeli ya madumu ya kando ya barabara haina wa kukuthibitishia. Kama uzito ulianza siku uliyojaza sehemu usiyoizoea, mwaga kwanza.

Ukimaliza yote hayo bila mabadiliko, ndipo pampu inashukiwa kuchoka. *Simama hapo.* Pampu inashushwa na kupelekwa kwa fundi pampu mwenye benchi la kupimia, anayeweza kulinganisha silinda sita moja baada ya nyingine. Fundi anayeikata lakiri akiwa amechuchumaa barabarani anabahatisha kwa pesa yako.

Gari zito, moshi mweusi

Moshi mweusi ni dizeli isiyopata hewa. Ukiuona, swali la kwanza ni hewa imekwenda wapi.

Ea klina ndiyo inayoongoza, na hasa kwa magari yanayoingia machimboni na njia za vumbi. Usiigonge kwenye tairi, karatasi inapasuka kwenye mikunjo na vumbi linapita moja kwa moja hadi kwenye tabo na slivu. Usiipulize kwa kompresa ukiwa umeisogeza karibu. Badilisha. Ukiitoa, pitisha kidole ndani ya bomba la upande wa injini: ukikuta vumbi, filta ilikuwa inapitisha, na ringi zimeshaanza kuliwa.

Baada ya hapo fuata njia ya hewa kutoka tabo hadi manifoldi. Mpira uliopasuka hujifunga gari likisimama na kujifungua presha ikipanda, kwa hiyo macho hayatoshi. Tafuta masizi na oili iliyosambaa kama kivuli. Sikiliza sauti ya filimbi dereva akivuta mzigo. Kipimo cha uhakika ni kuziba ncha mbili za intakula, kuingiza hewa taratibu isiyozidi bar 1.5, na kupaka maji ya sabuni. Vizibo vifungwe na kamba ya chuma, na mtu asisimame mbele yake. Kizibo kikichomoka kwa presha hiyo kinavunja mbavu.

Ekzosi breki, breki inayoziba bomba la moshi kwa kipepeo, inasahaulika sana. Kile kipepeo kikikwama nusu, moshi wa injini hauna pa kutokea, tabo haichangamki, gari linakuwa zito na jeusi kwa pamoja. Utingo anaweza kuiangalia kwa dakika mbili: mkono wake urudi mpaka mwisho unapoachiwa.

Tabo nayo ishike kwa vidole injini ikiwa imepoa. Kuyumba kidogo upande kwa upande ni kawaida oili ikiwa imeshuka. Kwenda mbele na nyuma hakutakiwi, na mapanga yakigusa nyumba yake, hiyo imekwisha. Usiendeshe gari ukisubiri hela ya tabo. Kipande cha panga kikiingia injini, hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Kisha pima vavu. Kwa WD615 injini ikiwa ya baridi ni milimita 0.30 kwa inayoingiza na 0.40 kwa inayotoa. Nozeli zipimwe kwenye mashine yake, kwani nozeli inayodondosha badala ya kupuliza inatoa moshi na kutoboa pistoni kwa wakati mmoja. Mwisho kabisa ndiyo taimingi ya pampu, na dizeli iliyozidishwa na mtu aliyepita kabla yako.

Hilo la mwisho linaniuma. Kuna HOWO lililetwa kwangu likivutwa kutoka chini ya Kitonga. Mwenye gari alikuwa amelipia pampu ifunguliwe mizunguko miwili kwenye gereji moja, na kwa wiki moja alifurahi kweli. Injini ya WD615 ina silinda hedi sita, kila silinda na yake, kwa hiyo nilitoa ile ya nne peke yake. Ukingo wa bakuli la pistoni ulikuwa umelika upande mmoja, laini, kama kipande cha sabuni kilichosahaulika ndani ya beseni. Alumini iliyokosekana niliikuta kwenye mdomo wa tabo, imeganda vitone vitone kama nta ya mshumaa. Na ea klina ilikuwa bado ile ile, imeziba. Gari lile lilikuwa linaomba filta tu.

Linavuta vizuri, lakini linachemsha

Nguvu ikiongezeka, joto linaongezeka. Rejeta iliyokuwa inamudu jana inaweza isimudu leo, kwa hiyo madhaifu ya zamani yanajitokeza.

Angalia katikati ya intakula na rejeta. Mbele panaonekana pasafi, kumbe nyuma yake kuna blanketi la nyasi, wadudu na vumbi lililoshikwa na oili. Zitenganishe, osha kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa maji ya presha ndogo. Halafu feni: inashika ikipata joto, au inazunguka kivivu? Mkanda, kifuniko cha rejeta, pampu ya maji vifuate. Thamostati iliyotupwa irudishwe. Maji yakikosa kizuizi yanapita njia isiyo yake, injini inakuwa baridi tambarare na inachemsha mlimani.

Maji yakitoa povu kwenye tangi lake dakika za mwanzo, injini ikiwa bado baridi, gasketi ya hedi inapitisha. Zima, usiendelee na safari. Na kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi kwa kitambaa wala kwa haraka. Madereva wameungua uso kwa sababu hiyo.

Kuna joto jingine ambalo geji ya maji haikuonyeshi: joto la moshi unaotoka kwenye silinda. Maji yanaweza kuwa nyuzi 85 huku moshi umepita 700. Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660, na pistoni inaokolewa na oili inayorushwa chini yake pamoja na muda mfupi wa kila mwako. Kwa geji iliyofungwa kabla ya tabo, mimi huwaambia madereva wasikae juu ya 650 kwa muda mrefu. Ikikaribia 700, punguza mafuta na ushushe gia: mizunguko ikipanda, hewa inaongezeka na joto linashuka. Wengi hufanya kinyume, wananing'inia gia kubwa kwa mizunguko 1100 huku wamekanyaga mpaka chini. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuua injini iliyofunguliwa pampu. Gari lisilo na geji hiyo sifungui pampu yake, hata mwenyewe akinung'unika.

Misi (silinda isiyowaka), moshi mweupe, moshi wa bluu

Kwenye pampu ya zamani, injini ikiwa sailensa (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), legeza nati ya bomba la nozeli moja moja, ukivaa miwani. Ile isiyobadilisha sauti ndiyo silinda iliyolala. Inawezekana ni nozeli, vavu, au kompresheni. Kwenye injini za reli ya pamoja (common rail, bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote) *usilegeze kitu chochote injini ikiwaka*: presha yake inapita bar 1,000, dizeli inapenya ngozi kama sindano, na jeraha linaloonekana dogo linaweza kukupotezea mkono. Aliyepigwa aende hospitali saa hiyohiyo.

Moshi mweupe asubuhi unaopotea injini ikipata joto ni nozeli au taimingi. Usiopotea, wenye maji kupungua, ni hedi. Wa bluu ni oili, na chanzo mara nyingi ni mihuri ya tabo au ringi.

Kugonga

Mlio mkali wa "ka-ka-ka" ulioanza mara baada ya kuguswa pampu, taimingi imewekwa mbele mno. Irudishwe kabla ya kubeba mzigo. Mlio mzito wa chini unaobadilika ukikanyaga mafuta, zima. Vuta kijiti cha oili: kama kimepanda juu ya alama na kinanuka dizeli, oili imeshachujuka na beringi zinasagana. Fungua filta ya oili uikate. Ukiona vinavyong'aa, gari livutwe. Kilomita tano za "nifike tu gereji" zinamaliza krankishafti.

Taa imewaka, nguvu imekatwa: injini za kompyuta

Actros, Scania na Volvo za kisasa haziishiwi nguvu tu, zinajinyima. Kompyuta ikiona joto, presha ndogo ya oili, au sensa inayodanganya, inapunguza dizeli ili kuokoa injini. Soma kwanza kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta imezihifadhi. Sensa ya presha ya tabo iliyofunikwa na masizi yenye oili, waya uliosuguka kwenye chasi, plagi iliyoingia maji, hivyo vitatu vinanimalizia kazi nyingi. Magari ya AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi) hupunguza nguvu mfumo huo ukiharibika, na tiba ni kuutengeneza.

Kuhusu kuongeza nguvu kwa kubadilisha programu, muulize fundi maswali mawili: faili la asili la gari langu umelihifadhi wapi, na utapima nini baada ya kuweka jipya? Akisita, ondoka. Vile viboksi vinavyochomekwa kwenye waya wa sensa vikaiambia kompyuta kwamba presha ni ndogo kuliko ilivyo, ili iongeze, mimi siviwekei gari la mtu. Umeifumba macho injini iliyokuwa inajilinda.

Nguvu imekuja, klachi imegoma

Mizunguko ikipanda na kasi isipande, klachi inateleza. Punguza mafuta, ukilazimisha sahani inaungua. Chunguza na propela na difu, maana vyote vilipimwa kwa nguvu ya mwanzo, na vikiachia mlimani gari linarudi nyuma na mzigo.

Injini inapanda yenyewe

Ukiachia pedeli na mizunguko ikaendelea kupanda, pampu imekwama au injini inakula oili ya tabo. Ufunguo hautazima. Gari likiwa kwenye gia kubwa, shika breki, achia klachi uizime kwa mzigo. Likiwa limesimama, ziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kigumu, kamwe si kwa mkono wala kitambaa. Ikishapita kasi yake na huwezi kuufikia mdomo huo, kimbia, uwaondoe na watu.

Kila kitu kizima na bado unataka zaidi

Basi fuata mpangilio huu. Funga kwanza geji ya joto la moshi na ya presha ya tabo, endesha njia yako ya kawaida na mzigo, andika namba. Pampu na nozeli zikapimwe benchini zilingane. Ongezeko likae pale ambapo moshi mweusi unaonekana kidogo tu wakati wa kubadili gia na kupotea tabo ikishika. Fundi aweke alama ya rangi pale skrubu ilipokuwa, na aandike kwenye daftari la gari ameigeuza kiasi gani, ili atakayekuja aweze kuirudisha. Safari ya kwanza iwe na nusu mzigo. Ukifika, iache sailensa dakika tatu hadi tano tabo ipoe, kisha uzime. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, pima oili na maji, uguse kila klempu ya mipira ya intakula, na ulinganishe namba za geji na zile ulizoandika. Kama joto la moshi limepanda zaidi ya nyuzi 50 mlima uleule, rudisha skrubu robo mzunguko, kisha panda mlima huo tena.